Nodi 37 iko wapi? Mwongozo kamili wa kukadiria mahali vilipo vifaa kwenye mtandao wa adihoki

Tuseme una vipima unyevu 60 kwenye shamba la migomba la ekari tatu hivi, tambarare, nje kidogo ya mji wa Morogoro. Kila kipima kina chipu ya ESP32, betri moja ya 18650 na antena fupi. Hakuna mnara, hakuna ruta, hakuna waya. Kifaa kinampa jirani ujumbe, jirani anausogeza mbele, mpaka unafika kwenye kompyuta ya ofisi ya shamba. Huo ndio mtandao wa adihoki, na kila kifaa ndani yake kinaitwa nodi. Vibarua wanavihamisha vipima kila msimu, na asubuhi moja kompyuta inaandika: "nodi 37, udongo umekauka". Mwenye shamba ana swali moja tu: nodi 37 iko wapi?

Jibu la haraka ni kufunga GPS kila mahali. Litafanya kazi, ila piga hesabu ya betri kwanza. Moduli ya kawaida kama NEO-6M inakula kati ya miliampia 40 na 50 ikiwa inafuatilia setilaiti muda wote. Betri ya mAh 2500 itakuwa imeisha baada ya saa 55 hivi, yaani siku mbili na ushee, kabla hata hujahesabu redio. Chipu ya ESP32 yenyewe ikiwa usingizini inakula mikroampia 10 tu. Tofauti hiyo ndiyo sababu ya mwongozo huu: tunaacha nodi chache zijue zilipo, na zilizobaki zote zijikadirie kwa kusikiliza majirani zao. Nitakwenda na shamba hilohilo mwanzo hadi mwisho, kwa namba, ili uweze kukagua hesabu zako.

Sisemi GPS kila nodi ni upotevu siku zote. Mradi wa ZebraNet wa Chuo Kikuu cha Princeton uliwavisha pundamilia kola zenye GPS huko Laikipia, Kenya, mwaka 2004. Kola zilipokezana kumbukumbu kila wanyama walipokaribiana, hivyo mtafiti akimkaribia mmoja anapata na habari za wengine. Mahali palipimwa kila baada ya dakika 8, GPS ikizimwa katikati. Lakini pundamilia anabeba betri na paneli ndogo za sola bila shida. Kipima cha bei ndogo kilichofunikwa na majani ya mgomba hakina jua la kutosha, na chini ya majani hayo hata setilaiti zenyewe zinasikika kwa tabu.

Msimamo wangu katika kazi hii ni mmoja na nitaurudia: ufanisi unaamuliwa zaidi na mahali ulipoweka nodi za rejea (zile zinazojua zilipo) na majirani unaowaamini kuliko ukali wa algoriti, yaani kanuni ya hesabu. Watu wengi huanza na algoriti. Anza na mguu, tembea shamba.

Kwanza andika unataka usahihi wa mita ngapi

Iandike namba hiyo kwenye karatasi kabla ya kununua chochote. Kwenye shamba letu kila kitalu cha umwagiliaji kina mita 20 kwa 20, hivyo kosa la mita 7 au 8 linatosha kumpeleka mtu kwenye kitalu sahihi au, vibaya kabisa, cha jirani. Godauni linalotaka kujua shehena iko rafu ipi linahitaji sentimita, na hiyo ni kazi nyingine yenye bei nyingine. Na kama una nodi chini ya 15 zisizohama, usijenge mfumo wowote. Pita na simu, soma GPS ya simu penye uwazi karibu na kila nodi, iingize kwa mkono, kazi imekwisha.

Hatua ya 1: Nanga

Nodi inayojua ilipo tuiite nanga. Kwa bapa, bila kujali urefu kwenda juu, unahitaji nanga tatu zisizokaa kwenye mstari mmoja. Ukitaka na kimo, nne. Hicho ni kima cha chini cha hesabu. Cha kazini ni zaidi: kwa nodi 60 mimi ningeweka nanga sita, tano kuzunguka mipaka ya shamba na moja katikati.

Kwa nini mipakani? Nodi iliyo ndani ya umbo linalochorwa na nanga hupata jibu tulivu, kwa kuwa kosa la upande mmoja linabanwa na nanga ya upande wa pili. Iliyo nje ya umbo hilo haina wa kuibana, na kosa dogo la umbali linageuka kosa kubwa la mahali. Nanga zikipangwa kwenye mstari mmoja, tuseme zote kando ya barabara kwa sababu ni rahisi kufika, hesabu inatoa majibu mawili: moja upande huu wa barabara na jingine upande wa pili, kama uso na kivuli chake kwenye kioo. Hakuna programu itakayokuambia lipi ni la kweli.

Mahali pa nanga unaweza kupapima kwa simu au kwa moduli moja ya GPS unayozunguka nayo. Simu penye anga wazi hukosea takriban mita 5. Iache moduli ikusanye vipimo kwa nusu saa au zaidi uchukue mediani, yaani kipimo cha katikati ukivipanga kwa ukubwa. Hii hupunguza kutikisika kwa vipimo, lakini haiondoi kosa linaloletwa na mawimbi kugonga bati la ghala na kurudi, kwa hiyo isogeze nanga mbali na kuta na mapaa.

Kisha badilisha latitudo na longitudo kuwa mita. Karibu na Morogoro, kwenye latitudo ya nyuzi 6.8 kusini, nyuzi moja ya latitudo ni kama mita 110,590 na ya longitudo ni kama mita 110,540. Kwetu huku karibu na ikweta namba hizi mbili zinakaribia kulingana. Aliye Ulaya hana bahati hiyo. Chagua kona moja ya shamba iwe (0, 0), toa, zidisha, basi. Hifadhi kodineti asilia, yaani latitudo na longitudo, kama namba kamili (nyuzi mara 10,000,000, inaingia kwenye biti 32) na kodineti za shamba kama desimita kwenye biti 16, zinazofika mita 3,276 kila upande. Nafasi hiyo inatosha shamba lolote la aina hii na inaifanya pakiti, yaani fungu moja la ujumbe, iwe nyepesi.

Hatua ya 2: Chagua unachopima

Kuna vitu vinne vya kupima, na bei yake inapanda kwa mpangilio huu.

Cha kwanza ni idadi ya miruko: ujumbe umepita nodi ngapi tangu utoke kwa nanga. Hakihitaji kifaa chochote cha ziada. Njia maarufu ya aina hii, DV-Hop, ilitolewa na Niculescu na Nath wa Chuo Kikuu cha Rutgers mwaka 2001 na bado ndiyo ninayoipendekeza kuanzia.

Cha pili ni nguvu ya mawimbi yanayopokelewa, RSSI, ambayo kila redio inaitoa bure. Ni dhaifu, lakini ina kazi yake. Nitaieleza kwa urefu hapa chini.

Cha tatu ni muda wa safari ya wimbi. Hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Wimbi la redio linakwenda sentimita 30 kwa nanosekunde moja, na mita 300 kwa mikrosekunde moja. Saa ya programu yako inayohesabu mikrosekunde haiwezi kutofautisha kona mbili za shamba hili. Unahitaji redio iliyotengenezwa kwa kazi hiyo: chipu za mawimbi mapana kama DW1000 hufika sentimita 10 penye mwonekano wa moja kwa moja, na baadhi ya chipu za Wi-Fi, zikiwemo ESP32-S2, C3 na S3, zina upimaji wa safari ya kwenda na kurudi unaoweza kukupa mita moja au mbili pakiwa wazi. Angalizo la saa: kifaa B kikikaa na ujumbe milisekunde 1 kabla ya kujibu, na saa za A na B zikitofautiana sehemu 20 kwa milioni, kosa ni nanosekunde 10, yaani mita 3. Dawa ni kupima pande zote mbili. A anapima muda tangu atume mpaka ajibiwe (Ra) na muda anaokaa kabla ya kujibu (Da), B vilevile (Rb, Db), halafu muda wa safari ya upande mmoja ni:

muda = (Ra × Rb − Da × Db) ÷ (Ra + Rb + Da + Db)

Ujumbe tatu badala ya mbili, na kosa la saa linakaribia kufutika.

Cha nne ni sauti isiyosikika na sikio. Sauti ni polepole, sentimita 34 kwa milisekunde, kwa hiyo hata chipu ya bei ya chini inaipima vizuri. Mfumo wa Cricket wa MIT ulifanya hivyo ndani ya majengo: redio na sauti vinatumwa pamoja, tofauti ya kufika ndiyo umbali. Ukiutumia pwani, rekebisha joto. Kwenye nyuzi 20 sauti huenda mita 343 kwa sekunde, kwenye nyuzi 30 ni kama 349.5, na hiyo ni karibu sentimita 19 za kosa kwa kila mita 10. Shambani, kwenye upepo na majani, iache.

Kwa migomba yetu: miruko kupata jibu la kwanza, RSSI kulinoa.

Hatua ya 3: Ipime RSSI shambani kwako, usikopi namba za wengine

Nguvu hupungua kwa kanuni hii:

RSSI = A − 10 × n × log10(d)

A ni nguvu kwenye mita 1, d ni umbali kwa mita, na n ni kasi ya kufifia. Penye uwazi n ni karibu 2. Kati ya mimea minene au kuta hupanda kufika 3, 4 na zaidi. Namba ya n ya mtu aliyepima kwenye korido ya chuo haina maana chini ya mgomba.

Chukua nodi mbili zenye antena zilezile utakazotumia. Zifunge kwenye vijiti vya urefu uleule, angalau mita 1 kutoka ardhini: kwenye gigahatsi 2.4 na umbali wa mita 30, wimbi linahitaji nafasi ya karibu mita 1 pande zote katikati ya njia, na antena iliyolala chini inapoteza nusu ya nafasi hiyo udongoni. Simama kwenye mita 1, 2, 4, 8, 16 na 32. Kila kituo pokea pakiti 50, geuza nodi robo mzunguko, pokea 50 nyingine, mpaka umemaliza pande nne. Chukua mediani ya zote. Chora RSSI dhidi ya log10 ya umbali, pitisha mstari, mteremko wake ugawe kwa −10: hiyo ndiyo n.

Tuseme umepata A = −45 na n = 3. Pakiti ya −75 dBm (kipimo cha nguvu ya redio) maana yake ni mita 10. Sasa jani bichi likipita katikati, au kibarua akisimama njiani, nguvu inaweza kushuka desibeli 6 kwa urahisi. Kwenye −81 hesabu inasema mita 15.8. Ikipanda 6, kwenye −69, inasema mita 6.3. Fanya hivyohivyo kwa nodi ya mbali: −90 ni mita 31.6, na mtikisiko uleule wa desibeli 6 unakupeleka popote kati ya mita 20 na 50.

Tazama vizuri kilichotokea. Mtikisiko ni uleule, lakini kosa la mita limekua sambamba na umbali. RSSI haikosei kwa mita kadhaa, inakosea kwa asilimia kadhaa. Ndiyo maana jirani wa mita 6 ana thamani kubwa mara nyingi kuliko wa mita 30, na ndiyo maana kila mahali mbele uzito wa kipimo utakuwa 1 ÷ d².

Rudia upimaji huu wakati wa masika. Majani yaliyolowa yanameza gigahatsi 2.4 kuliko makavu, na n ya Aprili haitakuwa n ya Septemba. Weka zote mbili kwenye programu.

Hatua ya 4: Nani ni jirani?

Hapa ndipo mifumo mingi ya miruko inapoharibika kimyakimya. Masafa ya redio si duara. Mara moja moja pakiti itapenya upenyo kati ya migomba na kusikika mita 70, ilhali mruko wa kawaida ni mita 25 au 30. Programu ya kawaida itasema: nimemsikia, basi ni jirani, mruko mmoja. Kuanzia hapo kila nodi inayopitia njia hiyo ya mkato inajiona iko karibu na nanga kuliko ilivyo, na kosa linasambaa shamba zima.

Kwa hiyo kabla ya kuhesabu mruko wowote, kila nodi itume salamu 10, moja kila sekunde chache, kwa muda wa nasibu ili zisigongane. Salamu ibebe orodha ya nodi ilizozisikia. Jirani halali ni yule uliyesikia angalau salamu zake 7 kati ya 10, na ambaye jina lako limo kwenye orodha yake. Masharti yote mawili. Hili la pili linaziondoa njia za upande mmoja, ambazo ni nyingi pale betri zinapokuwa na chaji tofauti au antena moja imepinda.

Ukimaliza, hesabu wastani wa majirani. Ukiwa chini ya 7 au 8, miruko inapinda sana kutafuta njia na DV-Hop inazorota. Ongeza nodi au inua antena kabla ya kuendelea. Kwa nodi 60 kwenye ekari tatu hutakuwa na tatizo hili.

Hatua ya 5: Sambaza miruko kwa ujumbe mchache

Kila nanga inatangaza: mimi ni nani, niko wapi, miruko 0. Anayepokea anaongeza 1, anahifadhi kama ni ndogo kuliko aliyokuwa nayo, na anasambaza kwa majirani. Kwa nodi 60 na nanga 6, kusambaza kila tangazo peke yake ni angalau ujumbe 360. Redio ya ESP32 ikituma inavuta miliampia 160 hadi 240, kwa hiyo hapa ndipo pa kubana.

Tangazo la nanga moja linaingia kwenye baiti 9: jina la nanga 1, namba ya mzunguko 1, x baiti 2, y baiti 2, miruko 1, urefu wa mruko 2. Pakiti ya ESP-NOW, njia ya ESP32 kutumiana ujumbe bila ruta, inabeba baiti 250 hata kwenye toleo lake la kwanza. Maana yake nanga zote sita zinaingia kwenye pakiti moja ya baiti 54 na nafasi inabaki. Usisambaze papo hapo. Ukipata habari mpya, subiri milisekunde za nasibu kati ya 100 na 400, kusanya nyingine zitakazofika, kisha tuma jedwali lako mara moja. Na kama ndani ya kusubiri huko umesikia majirani watatu wakitangaza jedwali lilelile, nyamaza kabisa, habari imeshafika. Kanuni hizi mbili ndogo zinapunguza ujumbe kuliko ujanja wowote wa hesabu ninaoujua.

Hatua ya 6: Kutoka miruko hadi mita, kutoka mita hadi mahali

Tuchukue nanga tatu tu ili hesabu ionekane. A iko (0, 0), B iko (120, 0), C iko (0, 90), zote kwa mita. Umbali wa kweli: A–B 120, A–C 90, B–C 150. Miruko iliyohesabiwa: A–B 4, A–C 4, B–C 6.

Kila nanga inajua umbali wake halisi na miruko kwenda kwa wenzake, hivyo inapata urefu wa mruko kwa kugawanya. A: (120 + 90) ÷ (4 + 4) = mita 26.25. B: (120 + 150) ÷ (4 + 6) = 27. C: (90 + 150) ÷ (4 + 6) = 24. Kila nanga inatangaza namba yake, na kila nodi inachukua ile inayoifikia kwanza, kwa kawaida ya nanga iliyo karibu.

Nodi 37 iko miruko 2 kutoka A, 3 kutoka B, 3 kutoka C. Inachukua 26.25 ya A. Umbali: A 52.5, B 78.75, C 78.75.

Kila umbali ni mlinganyo mmoja wa duara kuzunguka nanga yake. Sasa toa mlinganyo wa A kwenye wa B na wa C, na miraba ya x na y inaondoka:

x = (120² + 52.5² − 78.75²) ÷ (2 × 120) = 45.6
y = (90² + 52.5² − 78.75²) ÷ (2 × 90) = 25.9

Nodi 37 iko takriban (45.6, 25.9). Ukirudi nyuma na kupima kutoka jibu hilo hadi nanga, utapata 52.5, 78.7 na 78.7, inalingana karibu kabisa na tulichoanza nacho. Usilewe na ulinganifu huo. Miruko ni namba nzima. Nodi inaweza kuwa popote ndani ya ukanda wa karibu mruko mzima na miruko yake isibadilike. Hesabu iliyokubaliana yenyewe kwa yenyewe haijathibitisha chochote kuhusu shamba.

Kwa nanga zaidi ya tatu tumia njia ya miraba midogo kabisa (jibu ambalo jumla ya miraba ya makosa yake ni ndogo kuliko yote), na kwa uzito: nanga ya miruko 2 ipewe uzito mkubwa kuliko ya miruko 6. Mimi huchukua nanga nne tu zilizo karibu kwa miruko na kuacha zilizobaki. Sababu ni vizuizi. Kukiwa na bwawa katikati ya shamba, miruko inalizunguka, na umbali unaonekana mrefu kuliko ulivyo. Dalili yake utaiona kwenye nanga zenyewe: A na B wakikupa mita 28 kwa mruko, A na D wakakupa 15, njia ya A–D imepinda. Nodi zinazoitegemea njia hiyo ziipunguzie uzito.

Hatua ya 7: Noa kwa RSSI za majirani

Sasa kila nodi ina jibu lake la awali. Inalitangaza, inasikiliza ya majirani, na inajisogeza kidogokidogo mpaka umbali wa kwenye ramani ukaribiane na umbali wa RSSI.

Mfano: nodi 37 iko (45.6, 25.9), jirani yake anasema yuko (60, 30). Kwenye ramani wako mita 15 mbali. RSSI kati yao ni −84, ambayo kwa A na n za hatua ya 3 ni mita 20. Ramani imewasogeza karibu mno kwa mita 5. Chukua asilimia 30 ya tofauti, yaani 1.5, na usogee kinyume na jirani: nodi 37 inakwenda (44.2, 25.5). Ukiwa na majirani wengi, fanya hivyo kwa kila mmoja, kisha uchukue wastani wenye uzito wa 1 ÷ d². Nanga hazisogei kamwe.

Rudia mara 10 hivi, au simama mapema kama hujasogea zaidi ya nusu mita. Usiruhusu iendelee bila kikomo: kila mzunguko ni ujumbe mmoja kwa kila nodi, na baada ya mizunguko ya mwanzo unanoa kelele tu. Majirani ambao RSSI yao inasema zaidi ya mita 20 wasiingie kabisa kwenye hatua hii. Umeshaona walivyo.

Hatua ya 8: Kila jibu liende na ukubwa wa kosa lake

Mahali bila kadirio la kosa ni hatari kuliko kutokuwa na mahali, maana mtu atakwenda kuchimba hapo. Njia nyepesi: ukiwa na nanga nne, kokotoa upya mara nne, kila mara ukiiacha moja. Umbali mkubwa zaidi kati ya majibu hayo na jibu kuu ndio nusukipenyo cha mashaka. Usikipe thamani iliyo chini ya nusu ya mruko kama hukunoa kwa RSSI. Kichore kama duara kwenye ramani ya ofisi. Duara likiwa kubwa kuliko kitalu, programu iseme wazi kwamba haijui ni kitalu kipi.

Kupima kusiwe tabia ya kila saa

Nodi zisizohama zikishajua zilipo, hazina haja ya kujua tena. Andika jibu kwenye kumbukumbu isiyofutika, lala. Wakati wa kutuma data ya unyevu, linganisha majirani unaowasikia na orodha ya zamani. Zaidi ya nusu wakibadilika, umehamishwa: omba upya. Akipotea mmoja, huenda betri yake imekufa tu. Usimwamshe kila mtu.

Kwenye ubao wa saketi unaobeba chipu, kagua kile kinachobaki kikiwaka chipu ikilala. Taa ndogo ya umeme na kirekebisha volti cha bei rahisi vinaweza kula mara mia ya chipu yenyewe. Ng'oa taa.

Jaribu kwa alama unazozijua

Weka nodi 10 kwenye alama ulizopima kwa utepe kutoka nanga, usiziambie ziko wapi, endesha mfumo, pima kosa la kila moja. Toa namba mbili: mediani, na kosa ambalo nodi 9 kati ya 10 hazikulizidi. Wastani pekee unaficha nodi moja iliyorushwa ng'ambo ya shamba. Kwa miruko peke yake, usishangae ukipata theluthi moja ya masafa ya redio. Kunoa kukiongeza kosa badala ya kulipunguza, rudi hatua ya 3. Karibu kila mara n ndiyo mbaya. Tazama pia nodi za pembeni peke yake, kwa sababu zikiwa mbaya na za kati nzuri, kinachokosekana ni nanga, si hesabu.

Nanga za uongo, na watu

Nodi yoyote inayoweza kutangaza "mimi ni nanga" inaweza kuharibu ramani nzima. Weka saini ya siri kwenye matangazo ya nanga, na kataa nanga mbili zinazodai mruko mmoja kati yao ilhali kodineti zinasema mita 200. Na kama nodi zinabebwa na watu, badala ya vijiti, unakusanya taarifa binafsi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Waombe ridhaa wafanyakazi kabla ya kuwavisha kifaa.

Nodi zikiwa zinatembea

Kwa kola za ng'ombe hatua ni zilezile ila jibu linachakaa. Ambatanisha muda na kila kadirio, na ongeza nusukipenyo cha mashaka kadiri dakika zinavyopita: mnyama aliye malishoni akitembea mita moja kwa sekunde, kadirio la dakika moja iliyopita lina mita 60 za ziada. Weka na kikomo cha mwendo. Jibu jipya linalodai ng'ombe amekimbia mita 300 ndani ya sekunde 20 litupwe, ubaki na la zamani mpaka kipimo kingine kifike. Kihisi cha mtikisiko cha bei ndogo kitakuambia mnyama amelala, na akilala usipime chochote mpaka ainuke.